Ngazi ya Nne

Kutoka kitandani hadi chooni ni hatua tisa. Ndivyo ilivyokuwa mume wangu alipokuwa mzima. Mwaka juzi zikawa kumi na moja, mwaka jana kumi na nne, na nyumba ni ileile, hakuna aliyesogeza choo. Mimi huzihesabu nikiwa jikoni, mwiko mkononi, sikio la kulia nimelielekeza kwenye korido, maana la kushoto lilikufa zamani kwa kelele za mashine za kufulia za hospitali. Moja, mbili, tatu. Nikifika kumi na mbili kukawa kimya, mwiko nautupa.

"Umeanguka?"

"Nimesimama! Mtu haruhusiwi kusimama nyumbani kwake?"

Huyo ndiye mume wangu. Watu wanamwita Timazi, kwa kile kipande cha chuma chenye ncha ambacho waashi hukining'iniza kwenye uzi wajue kama ukuta umesimama wima au umeinama. Chake hakikukosa mfukoni hata siku moja. Siku alipokuja kujitambulisha kwa baba yangu alikitoa hapohapo barazani, akapima nguzo, akasema, "Mzee, hii imeinama." Baba aliniambia baadaye, "Huyo kijana adabu hana, lakini macho anayo." Tukaoana. Miaka hamsini sasa, sijawahi kumaliza mtaa mmoja naye bila yeye kuutukana ukuta wa mtu.

Leo ana miaka sabini na minne, na aliyeinama ni yeye. Magoti yamekwisha. Daktari alituonyesha picha, akasema ule ute wa katikati haupo tena, mfupa unasaga mfupa. Mguu wa kushoto nao umeanza kufa ganzi, anakanyaga nao bila kujua umekanyaga nini. "Mzee asianguke kabisa," daktari akaniambia mimi, utadhani mimi ndiye niliyemfunga kamba. "Akivunjika nyonga kwa umri huu, mama, itakuwa kazi nyingine." Hakusema kazi gani, na hakuwa na haja ya kusema. Nilifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali miaka ishirini na saba. Shuka za wazee waliovunjika nyonga nilizifua mimi, na wenye shuka wengi wao hawakurudi nyumbani.

Fimbo hataki. "Fimbo ni ya mchunga mbuzi." Badala yake anatembea na rula yake ya kupigia lipu, ule ubao mrefu ulionyooka, eti ameubeba tu. Ameubeba! Anauegemea mpaka unalia.

Sasa niseme habari ya ngazi, maana shida yetu yote ilikuwa hapo.

Kanisa letu limekaa juu ya mwinuko, na kulifikia lazima upande ngazi kumi na nne za zege. Mume wangu ndiye aliyezijenga, akiwa na miaka arobaini na mitatu, enzi hizo akibeba mfuko wa saruji kila kwapa. Alizipenda kuliko nyumba yetu, ambayo mpaka leo chumba cha nyuma hakina dari. Mganga hajigangi. Miaka nenda rudi Jumapili alikuwa anasimama pale chini kabla ya ibada, mikono nyuma, anatazama watu wakipanda, na mimi nilijua hasemi sala yoyote, anahesabu ngazi zake.

Magoti yalipoanza kumsaliti tulibuni njia. Tulikuwa tunatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata mfagizi hajafika. Anageuka, anakalia ngazi ya kwanza akitazama barabara, anaweka viganja nyuma, anajivuta juu kwa makalio. Moja. Anapumzika. Ya pili. Mimi nasimama chini yake nimemshika miguu, natazama barabarani asije mtu. Suruali yake ya kanisani niliitia kiraka mara mbili. Watu wakianza kuingia wanamkuta ameketi benchi la mbele, kofia magotini, wanasema, "Timazi huyo! Chuma bado." Naye anakohoa kidogo kwa maringo. Yaani mzee huyu!

Ngazi iliyokuwa inanitoa jasho ni ya nne. Imezidi. Hiyo ni siri ya nyumba yetu na naieleza leo kwa sababu si siri tena. Wakati wa ujenzi saruji iliisha baada ya ngazi tatu, kazi ikalala miezi miwili. Iliporudi, uzinduzi ulikuwa umebakiza siku nane na askofu alishatumiwa barua. Mume wangu akaanza kupanga mbao zake kutoka juu kuja chini, haraka haraka, akigawa urefu kwa kichwa badala ya kupima upya. Yeye! Mtu wa kupima nguzo za wakwe! Alipofika chini kukutana na zile tatu za mwanzo, vidole viwili vikawa vimezidi, na vyote vikaangukia ngazi ya nne. Kubomoa hakukuwa na muda. Akapiga lipu, akasugua ikang'aa, akaja nyumbani akaniapisha nisiseme.

Toka siku hiyo watu wanajikwaa palepale. Bibi harusi mmoja alipasua gauni. Mwanakwaya mmoja aling'oka jino. Walisema ni viatu, walisema ni shetani hataki watu waingie ibadani, na mchungaji mmoja wa zamani aliihubiri ngazi hiyo dakika arobaini. Akitokea mtu wa kumlalamikia fundi mwenyewe, mume wangu anatoa pimamaji, anailaza juu ya ngazi, kipovu kinasimama katikati. "Umeona? Sawasawa." Na kweli ilikuwa sawasawa, haikuinama upande wowote. Ilikuwa ndefu tu kuliko wenzake, na urefu haupimwi kwa pimamaji.

Basi Jumapili moja zege lilikuwa limelowa umande. Alipanda tatu salama. Kwenye ya nne akajivuta, kiganja kikateleza, na mguu ule wa ganzi haukumsaidia kitu. Akashuka kwa mgongo ngazi zote tatu, akanikumba na mimi, tukaenda chini wote wawili. Rula ikaruka mpaka barabarani. Nilikuwa nimelala chali namtazama, nasubiri kusikia ule ukelele ninaoujua wa mfupa uliovunjika. Hakulia. Alikuwa ametoka damu kiwiko tu. Nikasema, "Asante Yesu, asante Yesu," nikimpapasa nyonga kama dobi anayetafuta kitu mfukoni.

Akasema, "Twende nyumbani."

"Na ibada?"

"Nimesema twende nyumbani."

Hakurudi kanisani Jumapili iliyofuata, wala ile nyingine. Zikafika sita. Akageuza kiti chake sebuleni kikatazama ukuta. Watoto walipopiga simu kutoka huko waliko, aliwaambia yuko sawa, akanirudishia simu. Chakula kikitengwa alikuwa anasema, "Omba wewe," mtu ambaye kwa miaka hamsini aliomba sala ndefu mpaka mchuzi unaganda. Hapo ndipo hofu yangu ilipobadilika. Nilizoea kuogopa mwili wake usianguke. Sasa nikaogopa kwamba huyu mtu atakufa hivihivi, ameupa uso ukuta na Mungu mgongo, na mimi nitabaki na nini cha kushika? Uzee nilishaukubali. Kifo nacho, basi, kila mtu ana siku yake. Lakini nilitaka siku hiyo ikija imkute bado anaongea na Mungu, hata kwa kugombana.

Mchungaji alikuja kumtazama. Ni kijana, hana hata mwaka kwetu, ana sauti nzuri na viatu vya kung'aa. Akaketi, akasema, "Baba, tumekukosa. Nina vijana wanne wa kwaya. Watakubeba na kiti chako, dakika moja uko juu."

"Wanne?" mume wangu akauliza ukuta. "Wanaobebwa na wanne huwa wamelala, Mchungaji. Mimi bado naketi."

"Basi nitakuletea Meza ya Bwana hapahapa nyumbani."

Mume wangu akageuza shingo, mara ya kwanza siku ile. "Na Bibi Uzi nani alimletea?"

Mchungaji akanitazama mimi. Nami nikatazama miguu yangu. Bibi Uzi alikufa mchungaji huyu akiwa bado ananyonya, angemjuaje? Akaomba kwa ufupi, akaaga. Mlangoni akaninong'oneza, "Mama, kuna jambo?" Nikamwambia ni uzee tu, Mchungaji. Nilidanganya mtumishi wa Mungu nikiwa nimeshika kitasa.

Nilirudi sebuleni moto umeniwaka. "Umemfukuza! Anakuja kwa heshima zake, unamjibu kama muuza samaki!"

"Unamkumbuka Bibi Uzi?" akasema.

Nilimkumbuka. Alikuwa mshonaji, mama mtu mzima, mnene, magoti mabovu. Kitambaa cheupe cha Meza ya Bwana, chenye zabibu zilizotariziwa pembeni, ni mkono wake. Wakati ngazi zinajengwa alikuja siku moja na kiti chake kidogo cha kupumzikia, akasema mbele ya watu wote, "Fundi, sisi wenye magoti mabovu tuwekee basi na njia ya mteremko hapo pembeni, tupande taratibu." Mume wangu alikuwa juu ya mbao, kijana bado, kifua wazi, watu wanamtazama. Akasema, "Bibi, asiyeweza kupanda ngazi kumi na nne, mawingu atayapandaje siku ya parapanda?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Bibi Uzi aliokota kiti chake akaondoka. Hatukumwona tena kanisani. Miaka minne baadaye tukasikia amefariki.

"Nililiziba kanisa mbele ya mama yule," mume wangu akasema. "Kwa mdomo wangu na kwa zege langu. Sasa Mungu ananiziba mimi. Ni haki yake. Ananipimia kwa rula yangu mwenyewe."

"Mungu hana visasi kama jirani," nikasema.

"Unajuaje?"

Sikujua. Ndiyo hivyo, sikujua. Na nilikuwa na langu moyoni ambalo sikumwambia: siku ile nilikuwa pale nimemletea chakula, na mimi nilicheka. Nilicheka sana, nikajivunia ulimi wa mume wangu. Ulimi huponza kichwa, na safari hii uliponza vichwa viwili.

Bibi Uzi aliacha binti, muuguzi wa zahanati iliyo nyuma ya soko. Ndipo nilipoelewa jambo lililonishinda miaka mingi, kwa nini mume wangu akiumwa anakwenda zahanati ya mbali, nauli juu, wakati hii iko hatua mia mbili. Kumbe alikuwa anamkimbia. Yeye hakuniambia na mimi sikuuliza. Mficha maradhi, wanasema, kifo humuumbua.

Nilikwenda Jumanne asubuhi. Nilijifanya nataka kupimwa presha. Muuguzi ni mama wa miaka hamsini na kitu, miwani kwenye kamba, mikono ya haraka. Akanifunga kile kitambaa mkononi, akapampu, akatazama, akapampu tena.

"Mama, umekuja unakimbia?"

"Nimetembea."

"Mia na themanini. Una nini?"

Nikafungua mdomo niseme nimekula chumvi, nikaanza kulia. Nilimwambia yote, mbao, mawingu, kicheko, changu na cha wenzangu. Nikamwambia mzee wangu anaamini amefungiwa mlango na Mungu kwa sababu ya mama yake. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye benchi nje, naye akainuka akafunga mlango.

"Mama yangu alimtukana mumeo wiki tatu mfululizo," akasema. "Nisikudanganye. Alimwita majina ambayo sikujua kama anayajua."

Nikasema ana haki.

"Lakini nani aliwaambia hakuja kanisani?"

Nikainua uso.

"Alikuja. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mpaka mwezi aliokufa. Tulikuwa tunafika mkishaingia wote. Namketisha ngazi ya chini kabisa, upande wa bomba la maji. Anasikia nyimbo, anasikia neno likimfikia nusunusu, mwisho yule mchungaji mzee anatoka anamshushia mkate na kikombe. Nyinyi mlikuwa mbele. Mngemwonaje?" Akavua miwani akaifuta. "Mimi nilikuwa na hasira. Nilimwambia mama, kwa nini ujidhalilishe, ukae chini kama mtu aliyekuja kuomba? Akaniambia, 'Bwana Yesu magoti yake ni mazima. Acha ashuke yeye.'"

Nilirudia maneno yale kimoyomoyo nisije nikayapoteza njiani.

"Jambo jingine," akasema, na safari hii alicheka kidogo. "Ngazi yenu ya nne ni mbovu. Ukikaa pale chini unaiona vizuri, iko usawa wa macho, na mama alikuwa mtu wa futi na uzi. Kila mchungaji akishuka, mama alikuwa anampigia kelele, 'Baba, ya nne hiyo!' Kila mwezi, miaka minne."

Alinipa dawa za presha, akaniambia nirudi baada ya wiki. Mlangoni akaongeza, "Mwambie mzee zahanati ni hii. Asimalize nauli."

Nilimweleza mume wangu jioni ileile, kila neno isipokuwa habari ya ngazi ya nne. Hiyo nilimficha. Niliona aibu aliyonayo inatosha. Alisikiliza ameutazama ukuta. Nilipofika kwenye magoti ya Bwana Yesu mabega yakaanza kumtikisika, na mimi nikatoka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Siku mbili zikapita. Siku ya tatu akaita kutoka sebuleni, "Jumapili ya kwanza ni lini?"

"Kesho kutwa."

"Suti imekauka?"

Jumamosi nikaenda kwa mchungaji nikamwambia kesho mzee wangu atakaa chini, ngazi ya kwanza, upande wa bomba. Je, atashuka? Hakuniuliza sababu. "Nitashuka, mama," akasema. Niliporudi nyumbani hofu ikaanza upya. Wazee wenzake wangesema nini? Na akiona aibu katikati ya ibada akataka kuondoka, nitamwinua peke yangu? Nilipanga mambo kumi ya kufanya akianguka, na mengine matano nikianguka mimi.

Safari hii hatukwenda alfajiri. Tulikwenda saa ya watu. Aliegemea rula yake waziwazi, bila kusema ameibeba, na kila mtu akamwona. Alijishusha kwenye ngazi ya kwanza, upande wa bomba, kofia magotini. Watu wakapita wakipanda. Wengine wakasalimia, wengine wakajifanya wanatafuta kitu mikobani. "Timazi, vipi, hupandi?" mmoja akauliza. "Magoti yamekataa," mume wangu akajibu. Maneno mawili tu, na mimi niliyemfahamu miaka hamsini nilijua yamemgharimu nini. Nikakaa karibu yake. Zege lilikuwa baridi. Juu wakaanza kuimba, sauti ikatufikia nusunusu, kama alivyosema muuguzi.

Nilikuwa natazama viatu vyangu. Mume wangu alikuwa amegeuka anatazama ngazi zake. Nadhani tangu azijenge hakuwahi kuzitazama akiwa amekaa pale. Macho yake yalisimama mahali pamoja, na nikajua ni wapi, maana ukiwa chini huwezi kutoiona. Zote zimelingana na ile moja imezidi vidole viwili, wazi, mtoto anaweza kuona.

"Na yeye alikuwa anakaa hapa," akasema polepole. "Mshonaji."

Nikageuka na mimi nikaitazama.

Baada ya watu wote kushiriki, mchungaji akatokea mlangoni. Nyuma yake watu wakasimama kuona anakwenda wapi. Alikuwa na sahani ya mkate mkono huu na kikombe mkono huu, kanzu ndefu imefunika vile viatu vya kung'aa, macho yote kwenye kikombe kisimwagike. Akaanza kushuka. Siku zote hupanda na kushuka ameinua kanzu kwa mkono mmoja, leo mkono haupo. Nikaanza kuhesabu, ndiyo kazi yangu, nahesabu hatua za watu. Kumi na nne. Kumi na tatu. Akafika ya nane. Ya saba. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Siri ile haikuwa yangu, niliapishwa. Ya sita. Nikamwona anaanguka kabla hajaanguka, kikombe, damu ya Bwana kwenye zege, kijana wa watu amepasuka uso, na mimi nimekaa kimya. Ya tano. Akasimama juu ya ya nne, akainua mguu.

"Mchungaji, simama!"

Mguu ukabaki hewani. Ni sauti ya mume wangu, ile ya zamani, ya kuita vibarua wa ghorofa ya tatu.

"Hiyo ya nne! Imezidi vidole viwili. Ukishuka hapo utadhani umefika na hujafika. Si viatu. Si shetani, ndugu zangu, mnamsingizia bure. Ni mimi. Nilikosea vipimo nikapiga lipu juu yake, miaka thelathini na moja. Nilikosea mimi."

Watu mlangoni walikuwa wamebanana. Nilisubiri kicheko, kile cha siku ile, nikakaza meno kukipokea kwa niaba yake. Hakuna aliyecheka. Mchungaji akashusha mguu taratibu, akapapasa kwa ncha ya kiatu, akapapasa tena chini zaidi, mpaka akaipata. Kikombe hakikumwagika.

"Haya njoo," mume wangu akasema, na sauti sasa ilikuwa imekatika. "Hizo tatu zilizobaki ziko sawa."

Mchungaji akaja. Hakuinama tu, alipiga magoti kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe, ili mkono wake uwe usawa wa mkono wa mzee wangu. Mume wangu aliupokea mkate kwa viganja viwili, vile vyenye alama za saruji ambazo haziondoki. Alilia waziwazi bila kujifuta. Mimi nilipokea baada yake, naye akanishika goti.

Magoti hayakupona. Niseme ukweli, yamezidi kuwa mabaya, na mguu wa kulia nao umeanza ganzi. Pembeni ya ngazi sasa kuna njia ya mteremko. Aliisimamia mwenyewe akiwa kitini, timazi mkononi, akiwatukana mafundi vijana asubuhi mpaka jioni, na aliyekuwa wa kwanza kupita hapo ni muuguzi, amemsukuma mume wangu kwenye kiti cha magurudumu cha zahanati. Siku ile alimwambia, "Mwanangu, mama yako nitamwomba radhi mwenyewe tukionana, sitaki unibebee salamu." Alisema tukionana. Alisema kama mtu anayezungumzia wiki ijayo, naye ndiye yule aliyeniuliza unajuaje.

Mimi bado naogopa. Nani kasema hofu inaisha? Bado nasimama jikoni na mwiko, sikio zima likiwa kwenye korido. Ila sasa anahesabu yeye, kwa sauti, ili nisikie, na akisimama kupumzika ananiambia amesimama. Ipo asubuhi hesabu itakatikia njiani, najua, na siku hiyo atakuwa ameshushiwa mkono na yule mwenye magoti mazima. Leo asubuhi zilifika kumi na tisa. Nilisikia mlango wa choo, nikasikia rula ikigonga ukuta, kisha sauti yake.

"Kumi na tisa, mama. Nimefika."